Hewa Iliyobaki Kwenye Klachi ya Baba Mkwe

MAELEZO YA SHAHIDI

Anayeeleza: fundi pikipiki, maarufu kwa jina la Chuma
Umri: miaka 34
Makazi: nyumba ya uani, nyuma ya karakana yake
Uhusiano na mtuhumiwa: ameoa binti yake wa pili

Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa wala kutumwa na mtu.

Mnamo tarehe 14 mwezi wa tatu, siku ya Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, baba mkwe wangu alifika karakanani akisukuma pikipiki yake. Ni mwalimu mstaafu wa miaka 67. Alisema gia zinagoma kuingia na mkono wa klachi umelegea.

Klachi ile si ya waya. Inasukumwa na mafuta yanayotoka kwenye kikopo kidogo cha usukani, yakapita kwenye mpira hadi kwenye injini. Hewa ikiingia humo, unaweza kubana mkono wote na klachi isiachie. Nilikuwa nimewaona wenzangu wakiitoa hewa hiyo. Mimi sikuwahi hata mara moja.

Aliniuliza, "Za aina hii unaziweza, mwanangu?"

Nikasema, "Baba, hizi nafanya nimefumba macho."

Alicheka, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akinitazama. Nilifungua kikopo, nikaongeza mafuta, nikachomeka mpira kwenye nati ya kutolea hewa. Inatakiwa ubane mkono, ufungue nati, uifunge, ndipo uachie mkono. Mimi niliachia mkono kabla ya kufunga nati, zaidi ya mara tatu, ikawa navuta hewa badala ya kuitoa. Mapovu hayakuisha. Jasho lilinitoka. Ningeweza kumwita fundi wa jirani, yuko hatua ishirini tu, lakini sikuthubutu kumwita mbele ya mkwe wangu.

Nilichofanya ni kukaza skrubu ya kurekebishia mkono, ukasimama kidogo ingawa hewa ilibaki ndani. Nikampa, nikamwambia, "Tayari, baba." Aliubana mara mbili, akanitazama, akasema, "Asante, fundi." Aliondoka saa tatu na dakika kumi.

Saa nne kasoro dakika tano nilikuwa mlangoni mwa karakana. Nilimwona akirudi, akasimama kwenye kivuko mkabala na zahanati, miguu yote miwili chini, mkono wa klachi ameubana. Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa anavuka. Pikipiki ikaruka mbele yenyewe, ikamgonga ubavuni. Alianguka, mkono wa kulia ukavunjika. Nilisikia akilia, "Mkono wangu wa kazi jamani!" Nilibaki nimeshika mlango. Wengine ndio waliokimbia kumwinua.

Askari walipofika, baba mkwe alisema kidole chake kiliteleza kwa uzee. Mimi nilikuwa nimeshafika pale. Nilinyamaza.

Nyumbani mke wangu alisema, "Baba hajawahi kuteleza kidole." Nikamweleza yote. Akauliza, "Yeye umemwambia?" Nikasema bado. Akasema, "Basi umekosea njia kuanza na mimi kabla yake," akaingia chumbani.

Leo, saa mbili asubuhi, nimeruhusiwa kumwona baba mkwe hapa kituoni anakoshikiliwa. Nimepiga magoti, nimemwambia, "Baba, ile klachi sikuiweza. Nilikudanganya."

Akasema, "Nilijua nilipoubana pale pale karakanani. Bado ulikuwa laini. Niliona unavyotweta, nikaona haya kukuuliza tena, wewe mume wa binti yangu. Nikawasha nikaondoka. Sasa huyo mama ameumia kwa sababu ya haya yetu sisi wawili."

Nikamwomba aniache niseme kosa ni langu peke yangu. Amekataa. Amesema, "Kaandikishe la kwako. La kwangu nitaliandikisha mwenyewe."

La kwangu ndilo hilo. Nimesomewa, nimelielewa, na sina la kupunguza.

Sahihi: (imewekwa)

Maoni ya afisa aliyeandika: Shahidi ametoa maelezo kwa hiari kuanzia saa 2:40 hadi saa 3:25 asubuhi. Mkaguzi wa vyombo vya moto amethibitisha kuwa mfumo wa klachi una hewa. Mtuhumiwa ameomba kubadilisha maelezo yake ya awali na ameruhusiwa. Baada ya kutia sahihi, shahidi aliuliza wodi aliyolazwa majeruhi. Alielekezwa. Alikaa kwenye benchi la nje karibu nusu saa, kisha akaondoka kuelekea huko.