Kwa Salma, Aliyeacha Karatasi Akafukua Makumbi

Shoga yangu Salma,

Tangu uolewe ukahamia Pemba sijakuandikia hata mstari mmoja, na sababu naijua vyema. Ni lile jarida la skuli.

Unakumbuka tulivyobishana barazani kwenu Ng'ambo? Mwalimu alitutaka tuliandikie habari za wanawake wa Jambiani wanaosokota kamba za makumbi ya nazi. Mimi nilishikilia karatasi ya maswali, kila mtu aulizwe yale yale, ili tulinganishe majibu. Wewe ukasema, "Watu hawahojiwi kama wezi, shoga. Nnataka tukae nao kwanza." Nikakucheka. Nilijiona msomi kwelikweli.

Basi tukafikia kwa bibi yako huko Jambiani, na asubuhi maji yalipokupwa tukateremka naye pwani, mimi na karatasi zangu. Swali la kwanza: una mashimo mangapi ya makumbi, na yako wapi? Astaghfirullahi! Kumbe kila mwanamke hufukia makumbi yake mchangani yaoze kwa miezi, na alama ya shimo anaijua yeye na bintiye tu. Wakanigeuzia mgongo wote. Mmoja akamgeukia bibi yako: "Mjukuu wako katuletea mtu wa kutuandika. Kesho tutaambiwa pwani si yetu." Bibi yako akainamisha uso. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hukunilaumu. Ulijifunga kanga kiunoni, ukaingia topeni, ukafukua pamoja nao, ukanuka uvundo wa makumbi siku tatu nzima. Siku ya pili wakaanza kukutania. Ya tatu wakakusimulia mambo nisiyojua hata kuyauliza: nani alimfundisha nani kupiga makumbi yatoke nyuzi, na kwamba mwanamke akiachwa, haki ya shimo lake huondoka naye. Jioni ulinihadithia, nami nikaandika, na shimo la mtu liko wapi hatukutaja.

Siku ya kupeleka kazi ulikuwa kitandani na homa. Mwalimu alisoma, akafurahi, akauliza, "Nani aliyetafuta habari hizi?"

"Mimi, Bi mwalimu."

Jarida likatoka na jina langu peke yake. Ulilisoma, ukalikunja, ukasema, "Limependeza." Laiti ungenigombeza! Ningelia, tukapatana, yakaisha.

Sasa mwalimu ni mimi. Jana wanafunzi wangu, wanaotayarisha jarida lao, walinijia na lile la zamani. Sijui wamelitoa kabati gani. "Bi mwalimu, tufundishe ulivyowafanya watu wakasema." Haya iliyonishika, Salma, sijapata kuiona. Nikawaeleza nilivyowatia watu hofu, na nani aliyewatuliza. Kisha nikachukua kalamu mbele yao, nikakata jina langu, nikaandika lako.

Msichana mmoja wa mbele akauliza, "Na yeye anajua kama umelibadilisha?"

Ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Nibusie wanao. Nisamehe, na kama bado huwezi, niandikie unigombeze.

Ni mimi,
shoga yako wa baraza moja