Ukuta wa Udongo Hapa Njombe

Hapana shangazi, kazi bado ninayo, shikamoo kwanza. Baridi ya huku chai inapoa kabla sukari haijayeyuka. Tunatengeneza maduka ya zamani mtaa mzima yarudi kama yalivyokuwa, eti ndiyo wateja watarudi. Basi jana ukuta mmoja nikaupiga saruji, ukawa laini kama shavu la bibi harusi. Mama mwenye duka kuuona tu akakaa chini, akalia. "Baba yangu alisiriba kwa mikono yake, we umemfukia na saruji." Msimamizi kasema nibandue yote, nisiribe udongo, nikishindwa nirudi kwetu Lupingu.

Sielewi, shangazi. Sisi kijijini tunauficha udongo tuonekane wa mjini, wao mjini wanautafuta. Nimemjibu msimamizi najua kusiriba, lakini mikono yangu unaijua, kwa udongo fundi ni wewe.

Mungu akuweke, nimekukumbuka sana. Sasa tupatane hivi: panda gari Jumatatu, uje na dagaa kidogo. Utasiriba wewe, mimi nitakanda udongo na kubeba maji. Posho yote yako. Ila msimamizi akipita tubadilishane haraka, wewe ushike ndoo, mimi nishike ukuta.