Maharage ya Saa Moja na Nusu

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kiwanja cha ndege Mwanza, kwenye daftari langu la maandalio ya masomo, maana karatasi nyingine sina. Kesho ni misa yako ya mwaka.

Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara, na enzi zenu za treni mlilala njiani mara mbili. Ndege ilikushangaza: saa moja na nusu tu, muda wa maharage kuiva. Basi tangu Mama atutoke ukawa unanipimia safari hivyo. Nikipiga simu kabla ya kupanda unajibu, "Zima simu, mwanangu, mie nabandika." Nikifika nyumbani Segerea nakukuta unayaunga. Siku yalipogoma kuiva ulidai rubani ndiye aliyekimbiza, si mkaa wako uliokuwa na unyevu.

Mwaka jana alinipigia kaka Deo. Akasema, "Baba anaumwa kidogo, we njoo tu." Nani kwetu asiyejua maana ya "njoo tu"? Lakini nilitaka kuamini, nikaamini. Nikakununulia sato wawili, nikawafungia barafu. Angani nikawa napanga kukuhamishia Mwanza, kitanda chako kikae upande wa dirisha. Nilikuwa na furaha, Baba. Naona hata aibu kusema.

Nilipofika nilikuta turubai, viti vya kukodi, na kina mama wa mtaani wanakoroga sufuria kubwa ya maharage. Nikasimama pale na mfuko wa samaki unachuruzika. Ulikuwa umeshatutoka tangu alfajiri.

Nilimwita Deo mwongo mbele ya waombolezaji, akalia, na tangu siku hiyo sijasema naye. Shangazi alinikumbusha kwamba msafiri haambiwi msiba akiwa njiani, asije akadhurika. Nilikuwa najua. Hasira haikutaka kujua.

Sasa juzi nimewapa wanafunzi hesabu: ndege imeondoka Mwanza saa nne asubuhi, ikiruka saa moja na nusu, itatua Dar saa ngapi? Wakainamia madaftari, na mimi nikaketi kupiga hesabu yangu. Asubuhi ile ya msiba ulikuwa marehemu kwa kila mtu, ila kwangu ulikuwa bado unaumwa kidogo. Kwa saa moja na nusu ile ya angani mimi nilikuwa na baba, Deo hakuwa naye. Yeye ndiye aliyenipa muda huo, na yeye hakuwa na wa kumpa.

Nimempigia sasa hivi. Nimemwambia nakaribia kupanda ndege. Akauliza taratibu, "Nibandike?"

Nimemwambia abandike.

Wanatuita kupanda. Nakuahidi nikifika nitamwamkia kaka yangu kwanza, halafu nitakula sahani nzima, hata yakiwa magumu. Pumzika, Baba yangu.

Nazima simu.