Vuli Isiyo na Mvua

Mama Neema wangu,

Naanza na lile nililokuficha, salamu zitafuata. Najijua: nikianza na salamu nitazunguka na wajukuu, nitazunguka na hali ya hewa, mpaka karatasi iishe. Safari ya vuli niliyokuambia kwenye simu si ya kuja nyumbani. Nitasafiri, ndiyo, na itakuwa vuli, ndiyo, lakini siji Akheri. Nitazungushwa kwenye milima na miji ya Wazungu kutazama majani yakianguka.

Sasa kaa, kama ulikuwa umesimama. Goti lako linaendeleaje? Bado unapanda ile ngazi ya stoo, au umekubali kwamba una miaka uliyo nayo? Mimi naandika huku Munich kwa binti yetu Neema, nikiwa nimeegemezwa kwenye mito kama mzigo wa kahawa unaosubiri lori. Utaona mistari inavyopanda na kushuka. Moyo ni uleule uliochoka, ila kichwa kiko sawa, na hilo ndilo linalonitesa. Wajukuu wanakuamkia. Yule mdogo anasema "sikamo" na baba yake anampigia makofi kana kwamba kahitimu.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini wewe simu unaiweka sauti ya juu, kina mama wa kwaya wamekaa hapo wanachambua maharage, na mimi nikianza sentensi unaimalizia wewe. Barua hutaweza kuikatiza. Ataileta nesi mwenzake Neema anayekuja likizo kwao Kikatiti, nimemwomba akupe mkononi, si kwa mtu mwingine.

Unakumbuka nilivyosema: "Mama Neema, vuli nasafiri." Hukusubiri neno la pili. Nilikusikia ukimwita mdogo wangu huko shambani: "Elirehema! Elirehema we! Kaka yako anakuja na mvua!" Na yeye akajibu kwa mbali kwamba basi atapaka rangi chumba cha mbele. Nilisikia yote hayo na sikukurekebisha. Mimi, niliyefundisha Kiswahili na jiografia mpaka nikastaafu, niliyemnyima maksi kila mtoto aliyeandika kwamba Ulaya kuna vuli. Nilikuwa nawaambia: vuli ni mvua. Ni mvua fupi, tunapandia maharage, na mahali pasipo na mvua hiyo hapana vuli, hata kama mfasiri wa kitabu alikosa neno akachukua la jirani. Andikeni "majira ya kupukutika majani". Ni marefu, lakini ni kweli. Nilimaliza kalamu nyekundu kwa neno hilo moja. Halafu siku nilipotaka kukudanganya bila kusema uongo, nikaliokota kosa lilelile la watoto wa kidato cha pili nikalitumia kwa mke wangu. Nilijua wewe utasikia mvua.

Hiyo vuli yao acha nikueleze, uone kama inastahili hilo jina. Majani ya miti yanageuka manjano, halafu mekundu, halafu rangi ya kutu, halafu yanadondoka. Basi. Hakuna kinachopandwa, hakuna kinachoota. Kwetu jani la mgomba likikauka unalikata, unalitandika chini ya kahawa, unaendelea na kazi. Huku wanalifuata kwa treni. Nimewaona kwenye televisheni, watu wazima wenye mvi, wamesimama chini ya mti mmoja wakivuta pumzi na kusema "aaah". Mti unakufa, wao wanasema "aaah".

Afisa mipango ni mkweo Markus. Unamjua, alipokuwa anachimba visima kwetu alijifunza Kiswahili kikamtosha kuombea chakula na binti yetu. Sasa kila jioni meza ya chakula inageuka ofisi. Ramani, miwani, kalamu za rangi. Wamepanga treni ya kwenda, treni ya kurudi, hoteli yenye lifti, mahali pa kunywa chai, mahali pa kunywa dawa, na mahali nitakapokojoa. Sijawahi kuona watu wanaoogopa kupumzika namna hii. Juzi aliniambia:

"Baba, vuli ni nzuri sana. Majani anakuwa nyekundu."

"Majani yanakuwa mekundu."

"Ndiyo, Baba. Yanakuwa mekundu. Na tutaona mlima mkubwa."

"Mkubwa kuliko Meru?"

Akashika simu yake, akatafuta kwa uaminifu kama mtu aliye kizimbani. Akasema hapana, hiyo ya Austria haiufikii Meru hata mmoja, ila kuna mlima mmoja Ufaransa unaupita Meru kidogo.

"Na Kilimanjaro je?"

"Kilimanjaro hapana, Baba."

"Basi huo wa Ufaransa uache. Nipeleke kwa hiyo mifupi."

Neema alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Markus hakucheka, aliandika.

Kwa hiyo tutatoka hapa Munich kwa treni mpaka Innsbruck, mji ulio katikati ya milima, halafu tuvuke kwenda Bolzano upande wa Italia, halafu Venisi. Mlimani nitapandishwa ndani ya kibanda cha kioo kinachoning'inia kwenye waya, mimi na kiti changu cha magurudumu, na huko juu kuna mgahawa. Umesikia? Kileleni kuna mgahawa, na choo chenye maji ya moto. Mlima gani huo unaopandwa na mgonjwa wa moyo akiwa amekaa? Na bado Markus amenitafutia viatu vya mlima, vyenye soli kama matairi ya trekta. Viatu vya mlima, Mama Neema, kwa mtu anayesukumwa. Soli hazitagusa hata vumbi. Atavirithi Elirehema, miguu yetu ni sawa.

Kuhusu miji sina la kusifu. Venisi ilijengwa ndani ya maji na watu wazima, tena wasomi, sasa inazama na wenyewe wanashangaa. Makanisa yao ni makubwa kuliko soko la Arusha na ndani hamna hata mtu anayesali. Watu wanaingia na kofia kichwani, wanatazama dari, wanapiga picha ya dari, wanatoka. Mchungaji wetu akiona atalia, halafu ataomba wampe hayo mabenchi.

Lakini kubwa kuliko yote ni ng'ombe. Sikiliza, uwasimulie Waarusha wa kule Olkokola wacheke mwaka mzima. Wazungu hawa nao hupeleka ng'ombe mlimani kwenye majani, na vuli inapofika huwateremsha. Jambo la kawaida, hata baba yangu alifanya. Ila huku ng'ombe anavalishwa taji la maua kichwani kama bibi harusi, kengele shingoni kubwa kuliko ya kanisa, na mji mzima unatoka barabarani na bendi kumpokea. Ng'ombe anarudi nyumbani kwake, jamani! Markus alinionyesha kwenye simu. Nikamwambia upuuzi mtupu. Nikamwambia arudishe mwanzo, nione tena yule mweusi aliyekuwa anatangulia, maana alitembea kama mke wa mkuu wa mkoa.

Wewe unanijua. Elirehema alipopanda Meru na vijana wa kanisa, akarudi midomo imepasuka kwa baridi na uso unang'aa, ni mimi niliyemuuliza mbele ya watu wote: "Ulienda kutafuta nini kule, mbuzi alipotea?" Mkacheka nyote. Mlima ni wa kutuletea maji na ukungu. Anayeupanda bila kutafuta mbuzi wala kuni nilimwona hana kazi. Na watalii wale tuliokuwa tunawakuta Kijenge na kaptula zenye mifuko mpaka magotini, fimbo mbilimbili mikononi kama watu waliokusudia kutembea kwa miguu minne, nilikuwa nawahesabu ni wagonjwa ambao kwao hawakupata dawa.

Sasa nakusikia: "Baba Neema, mgonjwa gani huyu wa kutembezwa? Mgonjwa si arudi kwao?"

Nikuambie na hili. Daktari alizungumza nami taratibu, kama mimi nilivyokuwa nazungumza na mzazi ambaye mtoto wake amefeli. Alisema majira yao ya baridi huenda nisiyavuke. Neema alilia jikoni amefungua bomba, akidhani maji yananizuia nisisikie. Wiki ileile ukapiga simu wewe, hukuwa na habari ya daktari, ulikuwa na furaha zako. Ukaniambia chumba kimepakwa rangi. Ukaniambia godoro ni jipya, mchungaji atakuja kila jioni, kwaya itaimba dirishani, na utanipikia loshoro mwenyewe, mahindi yaive vizuri na maziwa ya mgando yasiwe makali, kwa sababu tumbo langu si la zamani. Halafu ukasema: "Tumefyeka pale karibu na baba yako. Nimepanga na mawe kuzunguka, panapendeza."

Ulisema kwa upendo, najua. Ulisema kama mtu anayesema kitanda kimetandikwa.

Lakini mimi nimekwenda kuwatazama wagonjwa wengi pale kwetu, nami ni mzee wa kanisa, nilikuwa natangulia. Tunajua tunavyofanya. Tunakaa kwenye viti vya plastiki ukutani, tunamtazama mtu anavyopumua. Mmoja anauliza, "Amekula?" Mwingine anajibu, "Kidogo." Mwenyewe yupo hapo, macho wazi, ana shahada, hakuna anayemuuliza yeye. Mwingine anatupa jicho nje kwenye migomba kupima pale turubai la msiba litakapofungwa. Nilifanya hivyo kwa mwalimu mwenzangu, rafiki yangu, na aliniona nikifanya. Akageuza uso ukutani. Nilidhani ni maumivu.

Sikutaka kuulizwa kama nimekula kupitia mtu mwingine. Ndiyo maana Markus alipotandaza ramani zake sikupinga. Niliwaacha wapange.

Maana yake tuiseme wazi, hatujawahi kuogopana. Huenda tusionane tena tukiwa tunaongea. Nikifa njiani, au kwenye hicho kibanda cha waya, Neema ameahidi nitaletwa. Hapo ulipofyeka nitalala, usihamishe jiwe hata moja. Kahawa ni yako na nyumba ni yako, Elirehema anajua na hatabisha. Kama akina binamu watakuja na maneno ya ukoo, waambie mwalimu alisema wakae kimya, na wewe usisimame kuwahudumia chai.

Nisalimie Elirehema, mdogo wangu aliyenitunzia shamba kuliko nilivyolitunza mimi. Mwambie rangi ya chumba isipotee bure, ahamie yeye, kile chake kinavuja. Msalimie dada yako wa Kikatiti, muuza vitenge, ambaye tangu harusi yetu amekuwa akisema nitakuacha mahali. Mpe nafasi yake ya kufurahi. Msalimie mchungaji, na umwambie ninamheshimu, ila mahubiri yake ni marefu. Wasalimie kina mama wa kwaya, ambao bila shaka umekwisha kuwasomea barua hii pamoja na kwamba nilikataza. Msalimie shemeji yangu wa Kijenge na mjukuu wetu anayesoma kwake, yule anayependa hesabu. Na wewe nakusalimu kwa namna ambayo siiandiki, kwa sababu ya hao wa kwaya.

Mumeo,
Baba Neema.

Mama Neema, nilikuwa nimetia jina langu hapo juu, nikamwita binti yetu achukue bahasha. Tangu mwanzo alikataa kukuambia kwa niaba yangu. Alisema, "Mama utamwambia wewe, mimi simo." Sasa amesimama mlangoni na koti lake la kazini.

"Umemwambia, Baba?"

"Nimemwambia siji."

"Umemwambia kwamba wazo ni la Markus."

"Nimemwambia Markus anapanga. Si anapanga?"

"Baba."

"Nini?"

"Markus alikuwa hajui chochote kuhusu safari mpaka wewe ulipoisema. Umemwambia hilo?"

Nikamwambia aniachie karatasi, atoke. Ametoka, lakini mlango hakuufunga, namwona kivuli. Anafanana na wewe kwa kusubiri.

Basi. Hakuna aliyenilazimisha. Jioni ya siku ile ya daktari, kabla sijakuambia nasafiri, kabla hujapiga simu na habari za mawe, kabla sijapata sababu yoyote ya kukulaumu, Neema alinikatia tiketi ya kuja kwako. Kiti cha dirishani, na yeye pembeni yangu. Mimi ndiye niliyemwambia airudishe, nikamwomba anipeleke nikaione milima.