Upepo wa Jikoni kwa Mama

Mpendwa mdogo wangu Wambui,

Daktari ameacha kuzungumza nami habari za mwaka ujao, kwa hiyo nakuandikia leo, ingawa wewe ndiye uliyetangulia. Nakuonea wivu. Hata kaburi lako halijaupunguza.

Unakumbuka jikoni kwa mama, Kabiria? Mimi niliona masizi tu. Wewe ulilala chali mkekani ukiufuata moshi kwa macho hadi kwenye upenyo chini ya mabati ulikotokea. Ulipopewa kazi ya kusanifu jengo la sayansi la chuo, ulitengeneza mfano wa kadibodi, ukawasha ndani yake udi ulionunua River Road, ukanionyesha moshi ukipanda kwenye dohani za paa.

"Hakuna mashine, kaka. Hewa moto inapanda, baridi inaingia kutoka uani."

Nilicheka, nikakuita fundi wa jiko.

"Na hiyo jengo yako ya Westlands," ukasema, "wapangaji wanakaa ama wanachemshwa?"

Mnara ule wa vioo niliousanifu Westlands ndio ulionipa jina mjini. Usiku ule sikulala vizuri.

Hukuishi kuona jengo lako likifunguliwa. Wiki iliyopita nilimwomba mwanangu anipeleke huko. Nilitaka lishindwe, Wambui. Nilikaa kwenye benchi la maabara nikingoja jasho. Mara stima zikapotea, taa zote zikazimika. Kule Westlands, mashine za kupoza hewa zingekufa na watu wangekuwa tayari wanakimbilia ngazi, wakijipepea kwa magazeti. Hapa hakuna aliyeinua kichwa. Msichana mmoja aliendelea kumimina dawa kwenye chupa yake, na hewa iliyonipita shingoni ilikuwa ile ya jikoni kwa mama, bila moshi.

Mwalimu wa maabara alikuwa amesikia kwamba mimi ni msanifu majengo. Akanijia.

"Mzee, kumbe ni wewe ulituchorea hii jengo?"

Sikumsahihisha. Nilimwacha aamini hivyo hadi akanyoosha mkono kunipongeza, na mkono wangu nao ukaanza kuinuka.

"Hapana," nikasema mwishowe. "Ni Wambui, mdogo wangu. Mimi nilidhani ni jiko."

Jina lako lilinitoka kwa shida, na pumzi zangu siku hizi ni haba. Wivu haukuondoka. Ulibaki nami pale benchini, tukapigwa na upepo wako.

Wakinilaza kando yako, niulize chochote, ila usiniulize habari za Westlands.

Naja polepole,
Kaka yako