Mkono wa Kushoto wa Bi Mize

Jumatatu, 7 Julai

Uji saa moja. Kijiko, futa kidevu, kijiko. Kumgeuza ubavu, mafuta mgongoni. Hakuna kidonda. Miezi minne tangu kaka Salimu aniajiri nimwangalie mama yake hapa Ngamiani, na hakuna hata kimoja. Najisifu mwenyewe, nani mwingine anisifu? Bi Mize hasemi. Kiharusi kilichukua upande wote wa kulia pamoja na ulimi. Anatazama dari tu.

Salimu kapiga simu. Jumamosi anakuja kumchukua, ampeleke kwake Dar, ghorofa ya nne. Eti mama haelewi kitu, hatajua hata kama kahamishwa. Sikubisha. Nami sijui.

Jumanne, 8 Julai

Leo nimefanya balaa. Maji yamekatika, nikaenda kuchota kwa jirani. Sina ngata. Uvunguni nikaona majani yaliyosukwa, yameviringishwa, yana vumbi. Nikayatia kichwani, ndoo juu. Naingia ndani, Bi Mize akapiga ukelele. Bi Mize! Ndoo nusura iniponyoke. Mkono wa kushoto unanionyesha kichwani, machozi yanamtoka.

Jirani kanifumbua macho. Ule ni ukili, ndio unaoshonwa ukawa mkeka. Bi Mize alikuwa msukaji, aliuacha nusu siku aliyoanguka. Mimi Mshambaa wa mlimani, ukili ningeujulia wapi? Lakini aibu nimeona.

Kumbe anaelewa. Miezi minne namvua na kumvika kama gogo, naye yumo humo ananiona. Nimemwomba radhi. 

Alhamisi, 10 Julai

Ukili uliolowa maji ya ndoo umekauka. Nimemkalisha, nikamwekea mapajani, nione tu. Akaubana kwa kidole gumba cha mguu wa kushoto. Akashika mwaa, lile jani jembamba la kusukia. Ukateleza. Akajaribu tena, ukateleza. Akanitazama. Kisha akauvuta mkono wangu wa kulia, akauweka pale ulipokuwa wake.

Mungu wangu. Tumesuka. Mkono wake mmoja na wangu mmoja. Nikikosea ananichapa kwa vidole, pa! Anafumua, tunaanza upya. Nimechapwa mpaka nimecheka. Hadi adhuhuri tumepata shibiri moja. Vidole vyake havitazamwi hata na yeye mwenyewe, vinajua njia. 

Ijumaa, 11 Julai

Nimempigia Salimu. Nimemwambia mama yako anasuka. Kanijibu, "Dada Neema, unatetea kazi yako." Imeniuma, maana kidogo ni kweli.

Nimemwuliza Bi Mize kama anataka kwenda Dar. Kaushika ubao wa kitanda. Hakuuachia mpaka uji ulipopoa.

Jumamosi, 12 Julai

Salimu kaja saa nne na gari la kukodi. Kamwambia mama yake shikamoo, wala hakungoja aitikie hata kwa jicho. Akaanza kukunja kanga zake. Hasira zimenipanda. Nikamwambia kaka, kaa hapa kuliani kwake kwanza, dakika tano, kisha mbebe.

Akakaa kwa kuniridhisha. Nikampa mwaa. Bi Mize akabana ukili, akaanza. Salimu akapitisha juu pa kupitisha chini. Pa! Vidole vya mama yake juu ya mkono wake.

Salimu akautazama mkono wake uliochapwa. Akasema polepole, "Alikuwa ananichapa hivi hivi. Nilikuwa darasa la pili."

Akakosea tena. Sidhani kwa bahati mbaya. Pa! Akalia, mtu mzima na ndevu zake. Akasema, "Shikamoo mama," akangoja. Bi Mize akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo. Nami nikatoka nje. Dereva kaniuliza mgonjwa yuko tayari? Nimemwambia haendi mtu.

Jumatatu, 14 Julai

Uji saa moja. Mafuta mgongoni. Hakuna kidonda. Salimu karudi Dar jana peke yake. Kasema atakuwa anakuja yeye, na mkeka ukiisha asikose kuuona.

Tumekaa barazani, tumesuka. Nikakosea. Nikatulia, nangoja kofi langu. Halikuja. Bi Mize kanitazama, kauinua mkono wake kando, akangoja.

Nimefumua mwenyewe.