Dawa Aliyonichagulia Dada

4 Februari

Mdogo wangu Bibi Pasi,

Pokea salamu za kaka yako, bingwa wa injini wa mtaa huu na mitaa mitatu ya jirani. Anayebisha aje na gari lake. Habari za kazi huko ugenini? Hoteli bado inawapa wageni shuka nyeupe na kukuachia wewe madoa? Ningeandika "mimi mzima, hofu kwako," lakini safari hii hofu tugawane, na mimi kama mkubwa nichukue fungu nono.

Mwezi uliopita macho yangu yaligeuka manjano. Nikasema ni vumbi la breki. Nikaanza kujikuna kama mbwa wa sokoni, mkojo ukawa rangi ya oili chafu. Dereva mmoja wa lori la maji, mteja wangu, akaniambia, "Fundi Sikio, magari ya watu unayasikiliza, la kwako analisikiliza nani?" Akanikamata mkono wa shati mpaka hospitali kubwa.

Huko nimepigwa picha nyingi kuliko bwana harusi. Kumbe ini linatengeneza nyongo, na nyongo inapita kwenye mirija, na mrija wangu umeziba. Nilifurahi! Nikamwambia daktari, "Mrija ukiziba unazibuliwa, hiyo kazi hata mimi naijua." Akanitazama kama mimi ninavyomtazama mtu aliyeniletea gari lililoungua halafu anauliza bei ya rangi. Ni saratani, mdogo wangu. Imeanzia kwenye mrija wa nyongo, imeshagusa ini, na kuikata haiwezekani. Wameniwekea kijimrija ili nyongo ipite, macho yamerudi meupe, naonekana kijana. Lakini mpangaji hajahama.

Sasa kuna njia tatu. Ya kwanza ni dripu ya dawa mbili pamoja. Hiyo ndiyo yenye nguvu, inaweza kuniongezea miezi. Miezi, si miaka. Daktari alilisema mara mbili maana mara ya kwanza nilijifanya nafunga kamba za viatu. Lakini moja ya dawa hizo ina tabia mbaya: inasumbua figo, inatia ganzi vidoleni, na inaweza kuharibu masikio. Yanaanza kulia yenyewe, au yanakufa, na yakifa hayafufuki. Njia ya pili ni ile dawa nyingine peke yake. Ya upole zaidi, ila na nguvu zake ni za kipole. Ya tatu ni kuacha dawa zote za saratani, nitulizwe maumivu tu, niishi kama nilivyo.

Masikio, dada! Mafundi wa leo wana kompyuta. Mimi nina bisibisi ndefu: ncha kwenye injini, mpini sikioni, nakwambia pistoni ya tatu inaumwa hata kabla mwenye gari hajazima. Nikipoteza masikio nitabaki mzee mwenye bisibisi.

Nimekunywa chai na madereva wa nchi saba na nimewashinda wote kwa maneno. Lakini darasa la sita liliniacha kituoni, wewe ukamaliza shule. Basi nichagulie. Utakachosema ndicho. Usipige simu, maana kwenye simu tunagombana kabla ya salamu. Na usije, mkataba wako ukivunjika hawatakurudisha.

Ni mimi, kaka yako


19 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea chumba cha mashine, nimekaa juu ya furushi la mataulo, na furushi lenyewe nimelilowesha, likabidi lirudi mashineni. Mimi ni mzima. Kazi ni ileile.

Umesema nichague. Nachagua dripu ya dawa mbili. Sikuhitaji kufikiri sana. Masikio ni ya nini kwa marehemu? Nisamehe ukali, unajua mimi sina mdomo wa asali. Wazazi wametangulia. Mkeo aliondoka zamani, na mimi sikuolewa. Tumebaki wawili duniani, kaka, na mmoja wetu hayuko karibu. Chukua hiyo miezi yote wanayotoa.

Ila wakikuuliza unajisikiaje, sema ukweli. Usiwafanyie mizaha. Na niambie, nani anakusindikiza?

Dada yako


27 Machi

Bibi Pasi,

Marahaba, na mataulo uyape pole. Kama ulivyoamuru, nimeshakula dripu mara tatu: wiki mbili mfululizo unakwenda, ya tatu unapumzika, halafu unaanza upya. Kwanza wanakupima damu, halafu wanakumwagia maji mengi ili figo zisikaukiwe, halafu ndiyo dawa zenyewe. Asubuhi mpaka jioni umekaa kwenye kiti kinacholala nyuma, miguu juu. Sijawahi kustareheshwa hivi. Nimemwambia nesi akiniletea na gazeti nitahamia.

Umeuliza nani ananisindikiza. Sheria yao kali: hakuna kuondoka peke yako. Siku ya kwanza nesi akauliza, "Baba, umekuja na nani?" Nikatazama kulia, nikamwona mzee mmoja mwalimu mstaafu, mwenye ugonjwa kama wangu, kakaa na kofia mapajani. Nikasema, "Na yule, binamu yangu." Nesi akamwendea, "Na wewe, mzee?" Mwalimu akanitazama, akasafisha koo, akasema, "Na yule. Binamu." Akanisainia mimi, nami nikamsainia yeye. Tangu hapo tunatoka tumeshikana mkono kama walevi wawili, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye nguzo. Jina lake sijamuuliza. Binamu utamuulizaje jina?

Kuhusu hali: kuna karatasi ya maswali. Ganzi, kichefuchefu, masikio, uchovu, kila kimoja unajipa namba, sifuri mpaka nne. Nimejipa sifuri, sifuri, sifuri, sifuri! Nesi akasema, "Baba, wewe ni chuma." Nikamwambia, "Cha zamani. Siku hizi wanatengeneza bati." Shuleni sikuwahi kufaulu hivi.

Dawa uliyonichagulia ni nzuri. Lala vizuri.

Kaka yako


15 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nilifurahi nikamwonyesha barua mwenzangu wa pasi, tukacheka habari ya binamu. Halafu nikaisoma tena peke yangu, na kicheko kikaisha.

Mwandiko wako una nini? Herufi zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na kalamu imetoboa karatasi mara mbili. Mimi kazi yangu ni nguo za watu nisiowaona, na mtu namjua kwa kola yake. Vidole vyako vina nini, kaka?

Halafu Jumapili nilivunja amri yako, nikapiga simu. Uliitika. Ukasema "Nani?" Nikajibu. Ukasema "Nani?" Mara tano nilikutajia kwamba ni mimi, kisha ukasema kwa adabu kabisa, kama unaongea na mgeni, "Samahani, gereji imefungwa," ukakata.

Niandikie ukweli. Hata mstari mmoja.

Dada yako


20 Mei

Kaka,

Shikamoo. Wiki tano sasa. Nimeomba ruhusa ya dharura wamekataa. Wanasema kaka si mzazi wala mtoto. Likizo ya kawaida ni tarehe kumi Agosti.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika.

Dada yako


2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikukasirika. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika bila kujisifu, na hiyo ufundi wake sina. Uniwie radhi kwa mwandiko. Kalamu nimeifunga kitambaa inenepe, maana nyembamba siisikii mkononi. Barua hii imenichukua siku tatu.

Zile sifuri nilidanganya. Ganzi ilianza dripu ya pili. Ya tatu, masikio yakaanza kupiga filimbi, mchana kutwa, filimbi moja isiyovuta pumzi. Nilimwambia nesi sifuri. Mwalimu alikuwa akiandika mbili, tatu, anasema kila kitu kama anasahihisha mtihani, wakampunguzia dawa, halafu wakamhamishia kwenye ile moja ya upole. Siku yake ikabadilika, tukaachana. Mimi chuma nikaendelea na zote mbili, na kiti cha kulia kikawa kitupu. Dripu mbili za mwisho nimesindikizwa na mfagiaji, Mungu ambariki.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe. Moja, dawa uliichagua wewe, na sikutaka uje kulala unasema "ningejua." Mbili, na hii inanitia haya kuliko ya kwanza: pale kitini kuna mtu anakuja kuniuliza, "Baba, leo unajisikiaje?" Anauliza huku ananitazama usoni. Nyumbani naweza kukaa toka Ijumaa mpaka Jumanne sijaulizwa hata saa. Niliogopa nikisema kweli wataniambia, basi, kwaheri, dawa haikufai. Nikawa namdanganya mtu ili aje aniulize tena.

Kilichonifichua ni jenereta la mwoka mikate. Aliniita nilisikilize. Niliweka bisibisi, nikainama, nikafumba macho kama zamani ili watu waone bingwa anavyofanya kazi. Sikusikia kitu ila filimbi yangu. Badala ya kusema sijui, nikasema, "Ni zima kabisa, linalala kama mtoto." Kesho yake mkono wa pistoni ukavunjika, ukatoboa ubavu wa injini. Chuma kikapita pale mwoka mikate alipokuwa amesimama muda mfupi kabla. Hakunitukana. Aliniuliza tu, kwa kupaza sauti, maana ameshajua, "Fundi, ulisikia nini?" Nikamwambia kweli. Alikuwa mtu wa kwanza kumwambia kweli tangu nianze dripu.

Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa daktari nikamwambia namba zote upya: tatu, tatu, tatu, tatu. Alikasirika mpaka akavua miwani. Anasema ningesema mapema, angepunguza au angebadilisha, na huenda masikio yangebaki. Wakanifungia kwenye kijichumba cha kupima. Sauti nyembamba zote zimekwenda, za simu na za ndege. Nene zimebaki kidogo. Picha mpya inaonyesha saratani haijakua wala haijapungua, imekaa inatusikiliza.

Dawa kali imesimamishwa. Ile ya upole, daktari anasema bado mlango uko wazi. Nimemuuliza itanipa nini, akanijibu vizuri, bila kunipaka mafuta. Nimekaa nayo wiki mbili. Dada, safari hii nimechagua mwenyewe, na nimechagua njia ya tatu. Nimechoka kutapika kisha kuandika sifuri. Nataka kula chakula nikijue ladha yake. Kuna nesi wa maumivu atakuwa anapita nyumbani kila Alhamisi, mama mmoja mnene mwenye sauti kama lori, huyo namsikia vizuri sana.

Uchaguzi wako haukuwa mbaya. Gari lilikuwa zima, dereva ndiye mwongo. Usibebe lawama.

Nina ombi moja. Simu ndiyo basi tena, imebaki karatasi. Usiniandikie habari za dawa, wala usinibembeleze nibadili mawazo, maana nitabadili, kisha tutaanza upya uongo. Niandikie siku yako. Umeamka, umefanya nini, nani kasema nini. Na unichekeshe. Najua huwezi, miaka yote kazi hiyo imekuwa yangu, lakini jaribu.

Kaka yako


18 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua hii ilikuwa na kurasa mbili zaidi, za kukueleza kwa nini nilichagua haraka vile, na nilikuwa namwogopea nani. Nimezichana, kama ulivyotaka.

Nimeamka saa kumi na moja. Maji ya moto hayakuwepo. Chumbani tuko wanne, na yule anayekoroma amehamishiwa kitanda cha juu yangu, kwa hiyo sasa ananikoromea kama mvua. Kazini nilipangiwa foronya. Mwenzangu wa pasi amesuka nywele mpya na hakuna aliyemwambia kitu, nikamwambia mimi, akanipa nusu ya andazi lake.

Sasa hapa najaribu. Ndani ya foronya moja kulikuwa na meno ya bandia. Ya juu, seti nzima. Sisi hatukujua, yakapita sabuni, yakapita maji ya moto, yakapita mashine ya kukaushia, yanapiga kelele mle ndani, na msimamizi anasema ni kifungo. Saa nne akaja mzee mmoja wa ghorofa ya tatu, suti safi, mkono mdomoni. Anataka kueleza alichopoteza, na hawezi kueleza kwa sababu amekipoteza. Tukamletea soksi, akakataa. Tukamletea tai. Msimamizi akamletea kitabu cha malalamiko, akampa na kalamu, na yule mzee, kaka, akaanza kulalamika kwa ukurasa mzima kuhusu chai.

Ndipo nilipofungua mashine. Yalikuwa yamenikenulia juu ya foronya, meupe kuliko shuka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wasichana wakaja mbio wakidhani nimeungua. Miaka minne hawajawahi kunisikia. Halafu wakarudi kwenye kazi zao, na mimi bado nacheka, nikageuka kutafuta wa kumsimulia, nikachukua kalamu.

Dada yako